Mbuta Haliwi Mzima

Watu wa Nairobi hupenda kuniuliza nilijifunzia wapi kupanga kazi za kompyuta. Wanangoja nitaje chuo cha ng'ambo. Nawajibu: Kisumu, ghorofani, juu ya duka la vitambaa katika barabara ya Oginga Odinga, mwaka wa tisini na saba. Wengine hucheka. Wacheke, meno ni yao.

Tulikuwa watu wanne na kompyuta tatu. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Waliaula, mtu wa Bungoma aliyeanza kazi kwenye mashini za serikali tangu enzi za kadi za kutoboa matundu, akastaafu, akaona aibu kukaa bure. Chini yake tulikuwa waandishi wa programu watatu. Oketch alizaliwa na kulelewa mjini, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kuahidi. Beldina alikuwa mtu wa Sakwa, upande wa Bondo, mpole mpaka umkosee. Wa tatu ni mimi, Saumu binti Muhidin wa Kaloleni, mtaa wa hapo hapo Kisumu, na upole mimi haukunipitia hata mlangoni.

Mzee Waliaula alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja. Mteja akiuliza kazi itaisha lini, Mzee hakuweza kuliacha swali lipoe. "Hakuna shida," alikuwa akisema. "Mwezi moja." Kisha anatugeukia: "Ama namna gani, vijana?" Na sisi, tunaojua fika kwamba mwezi mmoja hautatosha hata kuchora skrini ya kwanza, tunatikisa vichwa kama mijusi kafiri ukutani.

Ungefanyaje? Mzee akishasema amesema. Mluo, Mluhya, Mwislamu wa Kaloleni, katika jambo hilo sote ni kabila moja: humkatizi mtu wa umri wa babako mbele ya wageni. Ukithubutu, habari itafika kwenu kabla wewe hujafika. Basi tukaheshimu, tukanyamaza, na kazi zikachelewa moja baada ya nyingine.

Ya mwisho kuchelewa ilikuwa ya bwana mmoja wa mabasi. Tulimwahidi programu ya kukata tikiti kwa ajili ya abiria wa Krismasi. Tulimwonyesha wakati wa Pasaka, na hata hapo ilikuwa ikikata tikiti mbili za kiti kimoja. Bwana yule alipanda ngazi zetu mwenyewe, akachomoa nyaya, akashuka na kompyuta yake aliyotuachia huku ameikumbatia skrini kama mtoto mchanga. Hakututukana. Afadhali angetutukana.

Ikabaki kazi moja tu. Hospitali ya misheni nje kidogo ya Bondo ilikuwa ikijenga jengo jipya la wagonjwa wa kutwa, na ilitaka kompyuta iwe inafanya kazi siku ya ufunguzi. Mzee akaniita kwenye meza yake.

"Saumu, hii ya Bondo ushike wewe."

"Mimi, Mzee?"

"Wewe. Mimi nimechoka kuaibika. Hii ikikufa, nafunga ofisi, narudisha funguo kwa mwenye nyumba. Kazi ingine hakuna."

Nilielewa vizuri maana yake. Bondo ikifa, Oketch ataenda kuzurura Nairobi, Beldina atarudi kwao, na mimi nitarudi kwenye kibanda cha karibu na posta, nilikokuwa nikiwapigia watu chapa barua za kuomba kazi. Nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuifanya mashini ifikiri. Sikutaka kurudi kuwa vidole vya watu wengine.

Tukaanza kupanga, yaani tukaanza kugombana. Hospitali ilitaka mambo manne: kutafuta kadi za wagonjwa, stoo ya dawa, vitanda vya wodi, na ripoti za wafadhili. Oketch alisema kila moja itachukua siku mbili. Beldina alisema hajui. Mimi nilitaka namba, na namba nilizopewa zilikuwa za kunifurahisha tu. Mchana mmoja tukashuka Lwang'ni, kwenye vibanda vya samaki ukingoni mwa ziwa, kila mtu amenuna. Oketch akarudia kwamba ripoti ni kitu kidogo.

"Wacha hiyo," Beldina akasema, tonge mkononi. "Hiyo si omena, Oketch. Hiyo ni mbuta kabisa, ile ya kubebwa na watu wawili."

"Mbuta? Aa-aa. Labda ngege."

"Ngege ni hiyo ya vitanda. Ripoti ni mbuta."

Oketch akatafuna kidogo. "Haya. Hapo umesema."

Nikaacha kula. Hawa wawili walikuwa wamebishana tangu Jumatatu juu ya saa na siku, na sasa wamepatana kabla mchuzi haujapoa. Nikaona sababu. Hakuna kati yetu aliyejua kazi ambayo hajawahi kuifanya itakula siku ngapi. Lakini mtu yeyote wa ziwa hili, hata sisi wa Kaloleni, anajua bila mizani kwamba omena ni mdogo kuliko fulu, fulu ni mdogo kuliko ngege, na mbuta anawapita wote. Tulikuwa tukiulizana swali lisilo na jibu, tukiliacha lile ambalo kila mtu ana jibu lake.

Tuliporudi ofisini nilikata maboksi ya karatasi za printa yakawa kadi. Oketch, mwenye mkono wa kuchora, akazichora samaki, kila mtu seti yake na moja ya akiba. Omena wake walikuwa kama kope za macho, na mbuta alimpa sura ya mwenye nyumba wake wa Kondele. Kisha nikatunga sheria ya kwanza, na kutunga sheria ni jambo ninaloliweza. Kazi itatajwa. Kila mtu atachagua samaki wake na kumlaza kifudifudi mezani. Hakuna atakayesema neno mpaka kadi zote zimelala. Tutafunua pamoja. Aliyefunua samaki mdogo kuliko wote na aliyefunua mkubwa kuliko wote ndio watakaojieleza, hata wawe na umri gani.

Kipengele hicho cha mwisho nilikitunga nikimfikiria mtu mmoja, na yeye alijua.

"Kwa hivyo mimi nitajieleza mbele ya watoto," Mzee Waliaula alisema, akizishika kadi zake kwa ncha za vidole.

"Ukiwa mdogo ama mkubwa tu, Mzee. Ukiwa katikati unanyamaza kama sisi."

"Hii ni mchezo ya karata, Saumu. Babako anajua unacheza karata?"

"Hakuna pesa mezani, Mzee. Baba hana shida."

Alikaa. Nadhani alikaa kwa sababu ya yule bwana wa mabasi, si kwa sababu yangu. Nikataja kazi ya kwanza: kutafuta kadi ya mgonjwa. Mgonjwa anafika dirishani, karani anaandika jina, mashini inamwonyesha kadi iko rafu gani. Kadi zetu za samaki zikalazwa. Tukafunua.

Mzee alikuwa na omena. Oketch omena. Mimi, kwa woga wangu, niliweka ngege. Beldina alikuwa ameweka mbuta.

Beldina akaiangalia kadi yake kama anayetaka kuirudisha mkononi. Mzee akaanza, kwa kuwa sheria ni sheria. "Ni jina tu. Unaandika jina, inatoa namba. Kwa serikali tulifanya hiyo kitu mwaka ya sabini." Akamtazama Beldina. "Haya, Mama. Wewe umeona nini hapo ya kuogopesha?"

"Mzee, na heshima yote," Beldina akasema, macho yakiwa mezani. "Nyanya yangu kule kwetu ako na majina nne. Kanisa inamwita Rosalia. Alizaliwa usiku, kwa hivyo kwao ni Atieno. Mahali ameolewa hakuna mtu anamwita hiyo, anaitwa Nyar Uyoma, kwa sababu ametoka Uyoma. Na mtu akimpeleka hospitali amezidiwa, atasema tu ni mamake Ouma. Kila mara anaandikiwa kadi mpya. Sasa hiyo kompyuta itauliza jina gani?"

Oketch ni Mluo kama Beldina, lakini ni mwanamume wa mjini, na jina lake lilikuwa moja tangu ubatizo mpaka kitambulisho. Mimi nilikuwa na jina moja tangu nilipozaliwa mwezi wa Ramadhani. Mzee naye alitoka kwa watu wenye majina ya ukoo yanayokaa mahali pamoja. Kama tungeenda kwa mtindo wetu wa zamani, Mzee angesema omena, sisi tungetikisa vichwa, na Beldina angekaa na nyanya yake kifuani mpaka siku ya ufunguzi.

Mzee aliinuka akaenda kusimama kwenye kibaraza, akaangalia barabara. Nilidhani mambo yameharibika. Aliporudi aliichukua omena yake, akaitia kwenye seti, akasema, "Tufanye tena." Tukalaza, tukafunua. Mbuta wanne.

Nakumbuka jinsi nilivyojisikia, na sioni haya kusema: nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nimetukalisha sote wanne mezani na kila mmoja amesema anachokijua.

Lakini mbuta haliwi mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu ya pili: kazi yoyote ikitoka mbuta hakuna kuigusa mpaka ikatwe vipande, na kila kipande kiwe kitu ambacho mtu wa hospitali anaweza kukiona kwa macho na kukitumia. Tukaikata ile ya kadi. Kipande cha kwanza, kuandika majina yote ya mtu mmoja pamoja. Kingine, alikozaliwa na alikoolewa. Kingine, mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Cha mwisho, mashini iseme yenyewe kwamba kadi hizi huenda ni za mtu mmoja. Mbuta akawa ngege na fulu kadhaa, na kila mtu akaondoka na wake.

Sheria ya tatu ilimhusu Oketch. Kila Ijumaa tulikuwa tunatazama kapu letu, yaani boksi la kadi za kazi zilizokwisha: wiki hii tumemaliza samaki gani? Si tumeanza, tumemaliza. Oketch alipenda sana neno "karibu". Iko karibu kuisha. Imebaki kidogo tu. Wiki ya kwanza nilimwambia samaki wa karibu hakaangwi, yuko majini bado, na kapuni haingii. Alinuna mpaka Jumatatu. Wiki ya pili alileta fulu wawili waliokamilika, akawaweka mezani kwa kishindo, akaniambia, "Haya, kaanga." Nilicheka mpaka nikalia. Kuanzia hapo tulijua kapu letu linachukua kiasi gani kwa wiki, nasi tukaacha kubahatisha.

Kisha mvua za mwaka ule zikaja, nyinyi mliokuwapo mnazijua. Bonde la Ahero lilikuwa maji matupu, na mjini kwetu stima ilipotea kutwa nzima mara kwa mara. Kompyuta bila stima ni kabati tu. Oketch akashikwa na malaria. Ijumaa ikafika kapu likiwa na ngege mmoja mkavu, inayofuata hivyo hivyo. Sikuhitaji mganga. Nilitazama samaki waliobaki, nikatazama kapu, nikaona ya kwamba yale mambo manne hayatatimia siku ya ufunguzi hata tukeshe.

Huku kwetu kuna adabu ya jambo kama hilo. Unanyamaza. Unasema iko karibu, unamwomba Mungu, na siku ya mwisho unalaumu stima. Mwenye kazi naye anajua unamdanganya, anakuacha umdanganye, na wote mnabaki na heshima zenu mpaka siku ya aibu. Mimi nikamwambia Mzee naenda Bondo kuwaambia sasa, wakati bado kuna la kufanya.

"Watachukua kazi," akasema.

"Labda. Lakini tukinyamaza wataichukua kwa hakika."

Siku ya safari nilimkuta chini ya ngazi amevaa koti lake la harusi.

Tulienda watatu, mimi, Mzee na Beldina. Walitupokea katika ofisi ya hospitali: Bwana Gordon, mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya kuitisha gwaride, na Matroni Dorca, mama mnene aliyekaa akiwa amevua viatu chini ya meza. Nikaeleza. Nikatoa kadi za samaki, nikaonyesha kapu. Nilisema wazi kwamba siku ya ufunguzi tutawapa jambo moja lililokamilika au mawili, si manne, na kwamba wachague wao ni lipi.

Bwana Gordon alinisikiliza mpaka mwisho. Nampa hilo.

"Mimi niliambiwa kila kitu," akasema. "Kadi, dawa, vitanda, ripoti. Tumealika wageni. Sasa huyu msichana ananiletea hadithi ya samaki." Akanigeuzia bega, akamkabili Mzee Waliaula. "Mzee, wewe ndio mkubwa. Hao ni watoto. Uliniambia kwa simu hakuna shida. Haya sema wewe: itaisha ama haitaisha?"

Wote tukamtazama Mzee. Mimi nilimjua mtu yule. Niliona lile neno tamu likipanda kooni, na nilijua likitoka tu, mimi na Beldina tutatikisa vichwa, kwa sababu hakuna binti wa Kisumu atakayempinga mzee wake ugenini. Na ofisi ingekufa palepale, kwa heshima.

Mzee alinyoosha mkono. "Saumu, lete hizo kadi. Zote."

Akazigawa mwenyewe. Mimi, Beldina, Matroni, mwenyekiti, naye akabaki na zake.

"Bwana Chairman," akasema, "mimi nikianza kusema, hawa watafuata mdomo yangu. Nimefanya hivyo miaka mingi na imenimalizia wateja. Kwa ofisi yetu hakuna mtu anasema kwanza. Hata mimi. Swali ni moja: mambo yote nne, mpaka siku ya kufungua. Laza samaki yako, tufungue pamoja."

Kwa ofisi yetu. Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea "hakuna shida", na mimi nikainamisha kichwa ili wasinione uso. Sijawahi kujivunia kufanya kazi chini ya mtu kama nilivyojivunia dakika ile.

Bwana Gordon alizitazama kadi, akamtazama Matroni, akaona Matroni ameshalaza yake. Akalaza. Tukafunua.

Mbuta, mbuta, mbuta, mbuta. Na omena mmoja wa mwenyekiti.

"Mwenye ndogo anajieleza," Mzee akasema kwa upole. "Ndio sheria. Mimi pia ilinipata."

"Mimi nilionelea..." Bwana Gordon akakohoa. "Si ni mashini? Si ni kufinya tu?"

Matroni Dorca akaangua kicheko kilichotikisa meza. "Chairman, kuja ukae kwa chumba ya kadi Jumatatu moja tu. Moja! Wamama wanasimama hapo kutoka asubuhi, na hatujui nani ni nani." Kisha akaacha kucheka. "Mimi nimechagua. Dawa nahesabu na mkono, nimezoea. Vitanda naviona na macho. Ripoti wafadhili wangoje. Nipatie kadi. Kadi ndio inaniua."

Mwenyekiti alikaa akigonga meza kwa kidole. "Sawa," akasema hatimaye. "Kadi. Lakini hiyo moja, msichana, isipofanya kazi siku hiyo mbele ya wageni, naita watu wa Nairobi, na nyinyi mtabeba mashini yenu."

"Itafanya," nikasema. Hilo nililisema kwanza, bila kumngoja mtu.

Sitawachosha na yaliyofuata, maana kazi nzuri haina hadithi ndefu. Tuliwaacha samaki wengine wote majini. Oketch alirudi amekonda, akamaliza kipande cha alikozaliwa na alikoolewa. Matroni alitupa wanafunzi wawili wa uuguzi wa kuingiza kadi za zamani. Beldina alihamia Bondo kabisa, akakaa chumba cha kadi akiwauliza wamama majina yao na kuibadilisha programu kwa yale waliyomwambia. Kila Ijumaa tuliwaonyesha kilichokamilika, na Matroni alikuwa akisema hiki sawa, hiki hapana. Mwenyekiti alikuwa akija pia, anasimama mlangoni, haulizi kitu.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na mahema, kwaya, na wageni wa heshima wenye miwani ya jua. Baada ya hotuba Bwana Gordon aliwaongoza mpaka dirisha jipya la kadi, alikokaa karani aitwaye Jentrix mbele ya kompyuta. Sisi tulisimama nyuma yake tumebanana ukutani, Mzee katikati. Nilikuwa nimejiandaa kutaja jina la mfano ambalo nilikuwa nimelijaribu mara nyingi. Mwenyekiti hakunipa nafasi. Alitazama foleni, maana ugonjwa haujui sherehe, akamwita mama mmoja mzee aliyefunga kitambaa cheupe, mguu umevimba, akiegemea fimbo.

"Mama, kuja. Mwambie huyu msichana jina yako."

"Nyar Gem," mama akasema.

Bwana Gordon akanitazama. Nyar Gem ni mwanamke yeyote aliyezaliwa Gem akaolewa kwingine, na upande ule ukirusha jiwe litampiga mmoja. Aliichagua foleni badala ya mfano wangu makusudi, nina hakika, na leo simlaumu. Jentrix akaandika. Skrini ikajaa.

"Umeolewa wapi, Mama?" Skrini ikapungua. "Mtoto yako ya kwanza anaitwa nani?"

"Odera. Alikufa."

"Pole, Mama." Jentrix akaandika. Mashini ikanguruma. Nilihisi mkono wa Beldina ukinishika kiwiko. Kisha yakatokea majina matatu ya kadi tatu za rafu tatu mbalimbali, na chini yake maneno tuliyoyaandika sisi: huenda ni mtu mmoja.

Jentrix alisogeza uso karibu na kioo. "Mama, kanisani wanakuita Konsolata?"

"Eee."

"Na hapa kuna mamake Odera. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na hii ingine ni ya zamani sana, ya kuzaa Odera. Akeyo?"

Mama alibadilisha mkono wa fimbo. Wageni wakaanza kutazamana, na Bwana Gordon akaingiza kidole kwenye kola yake. Nikafikiri, basi, tumekosea, tumemchanganya na mwingine.

"Nani amekuambia hiyo jina?" mama akauliza.

"Ni kompyuta, Mama. Iko kwa kadi yako."

"Hiyo ni jina ya kwetu Gem. Nilizaliwa watu wakivuna." Akaiangalia ile mashini kwa muda. "Wale walikuwa wananiita hivyo wote wameisha. Hakuna mtu amebaki."

Pembeni yangu Mzee Waliaula alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mgeni mmoja akauliza ni kampuni gani ya Nairobi iliyofanya kazi hii. Mwenyekiti akajibu, kwa ile sauti yake ya gwaride, kwamba ni watu wa Kisumu, na ya kwamba mambo mengine matatu watayaendeleza wao hao. Mzee akanisukuma mbele kwa mgongo wa mkono ili nisalimie. Nilipaswa kusema kitu. Nilikuwa na hotuba kichwani, ndefu, ya majivuno, na ningeitoa yote.

Lakini mama alikuwa bado amelishika dirisha, na foleni nzima inamngoja.

"Rudia," alimwambia Jentrix. "Hiyo ya mwisho."

"Akeyo," Jentrix akasema.

Na yule mama mzee akaitika, kwa sauti nyembamba, kama mtoto aliyeitwa na mamake kutoka jikoni.